Baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga: hospitali ya utengamao, nyumba ya uuguzi, au nyumbani?

Ulinganisho huu ni wa familia zinazoishi Marekani, ambazo mzazi wao amelazwa na hospitali imeanza kuzungumzia kumtoa. Utengamao ni tiba na mazoezi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake. Kwa kawaida afisa ustawi wa jamii wa wodi huja na orodha ya nyumba za uuguzi, huomba majina matatu, na hutaka jibu kesho yake asubuhi. Haraka hiyo ni ya hospitali. Orodha haimaanishi kwamba nyumba hizo zimechujwa kwa ubora, na hospitali hairuhusiwi kukuchagulia. Kazi ya kuchuja inabaki kwa familia, nayo yawezekana kwa siku moja, mradi ujue pa kutazama.

Swali lisilokuwemo kwenye orodha

Kabla ya nyumba yoyote, muulize muuguzi wa wodi: mgonjwa amelazwa rasmi, au yupo kwa uangalizi tu? Wagonjwa wa aina zote mbili hulala kwenye vitanda vya namna moja, hutundikiwa dripu zilezile na huonwa na madaktari walewale, kwa hiyo kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lakini Medicare ya kawaida (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi) kwa jumla hulipia nyumba ya uuguzi pale tu mgonjwa alipolazwa rasmi siku 3 mfululizo. Siku aliyolazwa inahesabiwa, siku aliyotoka haihesabiwi, na usiku wa uangalizi hauhesabiwi hata mmoja. Mtu anaweza kukaa hospitalini siku nne, mbili kati ya hizo zikawa za uangalizi, na bili yote ya nyumba ya uuguzi ikamwangukia. Akikaa kwenye uangalizi zaidi ya saa 24, hospitali inapaswa kumpa taarifa ya maandishi kabla ya saa 36 kupita. Ukiiona karatasi hiyo mezani, zungumza na daktari siku hiyohiyo. Mgonjwa akishatoka, kubadilisha hadhi yake ni vita ndefu.

Mwenye Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi ya bima, yupo kwenye njia nyingine. Mipango mingi ya aina hiyo imeondoa sharti la siku 3, ila inadai kibali kabla ya mgonjwa kuhamishwa, na nyumba lazima iwe kwenye mtandao wa bima. Ipigie kampuni ya bima kwanza, ukate majina yasiyomo, ndipo uanze kulinganisha.

Njia tatu, bega kwa bega

Viwango vya fedha hapa ni vya Medicare ya kawaida kwa mwaka 2025. Hubadilika kila Januari.

| | Hospitali ya utengamao | Nyumba ya uuguzi na utengamao | Nyumbani, wahudumu wakija |
|---|---|---|---|
| Mazoezi | Kwa kawaida saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki | Hakuna kiwango cha lazima | Mara nyingi ziara 2 au 3 kwa wiki |
| Daktari | Angalau mara 3 kwa wiki | Mara moja kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo | Wa kliniki. Muuguzi humpigia |
| Muuguzi | Saa 24 | Mwenye leseni saa 24. Aliyesajiliwa angalau saa 8 mfululizo kwa siku | Wakati wa ziara tu |
| Malipo ya mgonjwa | Makato (kiasi ambacho mgonjwa hutoa kwanza) ya dola 1,676, ambayo kwa kawaida yameshahesabiwa hospitali ya kwanza. Hakuna zaidi hadi siku ya 60 | Siku 1–20 hakuna. Siku 21–100 dola 209.50 kila siku | Ziara hakuna. Vifaa asilimia 20 |
| Anayemgeuza usiku | Wahudumu | Wahudumu, wakiwa wa kutosha | Ninyi |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaosahaulika familia inapoamua kwa moyo kwamba mama anakuja nyumbani. Medicare hailipii mtu wa kukaa naye mchana na usiku. Kama hawezi kugeuka mwenyewe kitandani, anahitaji kugeuzwa takriban kila saa 2, hata usiku kucha, na anayefanya kazi ya zamu hawezi kulibeba hilo zaidi ya wiki moja. Nyumbani panafaa pale mgonjwa anapoweza kusimama kwa msaada wa mtu mmoja, choo na kitanda vipo ghorofa moja, na wapo watu wazima wawili wanaopokezana. Kikikosekana kimojawapo, mara nyingi matokeo yake ni kuanguka na kurudi hospitalini.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, pigania hospitali ya utengamao. Mwongozo wa mwaka 2016 wa American Heart Association na American Stroke Association unasema wazi kwamba mgonjwa anayekidhi vigezo apelekwe huko kuliko nyumba ya uuguzi. Pingamizi litakalokuja ni "hataweza saa 3 za mazoezi." Saa hizo hazifanywi kwa mkupuo. Hugawanywa kati ya wataalamu wa fiziotherapia, tiba kazi (kujifunza upya shughuli za kila siku kama kuvaa na kuoga), na tiba ya usemi na kumeza, asubuhi na mchana, kukiwa na mapumziko katikati. Omba mtathmini wa hospitali ya utengamao aje amwone mgonjwa kitandani, badala ya wodi kuamua kwa niaba yake.

Mzee wa miaka 85 aliyevunjika nyonga, anayechoka baada ya dakika kumi na tano, ni kisa kingine. Huyo nyumba ya uuguzi inamfaa, na wengi wanaosoma hapa wataishia huko. Kwa hiyo tukae hapo zaidi.

Nyumba mbili zenye nyota tofauti

Tovuti ya Medicare iitwayo Care Compare huipa kila nyumba nyota 1 hadi 5. Chukua mfano wa kubuni wa nyumba mbili: ya Barabara Kuu, yenye nyota 4, na ya Mtaani, yenye nyota 3. Familia nyingi huishia hapo na kuchagua Barabara Kuu. Fungua nyota zenyewe.

Nyota ya jumla huanzia kwenye ukaguzi wa serikali, kisha wafanyakazi na vipimo vya ubora huweza kuipandisha au kuishusha. Barabara Kuu ina 3 za ukaguzi, 2 za wafanyakazi na 5 za vipimo vya ubora, na hizo 5 ndizo zilizoipandisha hadi 4. Mtaani ina 3 za ukaguzi, 4 za wafanyakazi na 3 za vipimo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya vipimo vya ubora hutokana na fomu za tathmini ambazo nyumba yenyewe huzijaza. Takwimu za wafanyakazi hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara, na kumbukumbu hizo ni ngumu kuzipamba.

Sasa tazama saa za wahudumu wasaidizi kwa kila mkazi kwa siku. Tuseme Barabara Kuu ni saa 1.9 na Mtaani ni 2.5. Tarakimu hizo peke yake hazisemi kitu, lakini gawanya 24 kwa kila moja: Barabara Kuu kwa wastani mhudumu mmoja ana wakazi karibu 13, Mtaani karibu 10. Wastani huo ni wa siku nzima, kwa hiyo mchana mzigo ni mwepesi kidogo na usiku ni mzito zaidi. Mwenye wakazi 13 akianza kuwaosha saa 1 asubuhi, wa mwisho anapelekwa chooni karibu na chakula cha mchana, na mgonjwa wa nyonga anayebanwa na haja hangoji. Anajaribu kuinuka peke yake.

Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2001 ulitaja saa 4.1 za uuguzi kwa mkazi kwa siku, kati yake 2.8 za wahudumu wasaidizi, kama kiwango ambacho chini yake madhara yanayoepukika huongezeka. Kanuni ya mwaka 2024 iliyotaka angalau saa 3.48 ilifutwa na mahakama ya shirikisho huko Texas mwezi Aprili 2025. Usitegemee basi kwamba nyumba kuwa na leseni kunamaanisha ina watu wa kutosha.

Tazama na tarakimu mbili zilizo chini ya ukurasa uleule: saa za uuguzi za wikendi, na asilimia ya wauguzi walioacha kazi ndani ya mwaka. Nyumba inayoshuka kutoka saa 3.1 hadi 2.6 Jumamosi inakueleza jinsi Jumapili ya mama itakavyokuwa. Ambayo theluthi mbili ya wahudumu wake huondoka kila mwaka haina mtu anayemjua mgonjwa kiasi cha kugundua kwamba leo amechanganyikiwa kuliko jana, na kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya maambukizi kwa mzee.

Kwa tarakimu hizi chaguo ni Mtaani, hata kama kapeti yake imechakaa.

Ripoti ya ukaguzi

Wakaguzi wa jimbo hupita karibu mara moja kwa mwaka na huandika ripoti kwenye fomu inayoitwa CMS-2567. Inasomeka kwenye tovuti, na nyumba inapaswa kuiweka mahali ambapo mgeni anaweza kuifikia bila kumwomba mtu. Kila kosa hupewa herufi, A hadi L. Hadi F, hakuna aliyeumia. Kuanzia G hadi I mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo. Karibu kila nyumba ina makosa ya D na E, na ukikuta yasiyozidi manne ya aina hiyo usishtuke.

Kinachostahili kukushtua ni kosa lilelile kujirudia ukaguzi baada ya ukaguzi, hasa namba F686 (vidonda vya mgandamizo), F689 (ajali na kuanguka), F725 (uhaba wa wauguzi) na F760 (makosa makubwa ya dawa). Alama ya mkono kwenye duara jekundu kando ya jina la nyumba inamaanisha imepatikana na kosa la unyanyasaji. Hapo ruka, nenda jina linalofuata.

Ziara

Usiende Jumanne saa 4 asubuhi ukiongozwa na mtu wa mapokezi. Nenda Jumamosi au Jumapili, wakati wa chakula cha jioni. Ukifika, tafuta bango la idadi ya wauguzi wa siku hiyo. Sheria inataka libandikwe kila siku penye kuonekana. Likiwa la juzi, umeshajua jambo.

Simama koridoni dakika ishirini. Taa ya kumwita muuguzi ikiwaka juu ya mlango, angalia saa. Inayozimwa na mtu anayeingia, akasema "narudi", akatoka, haihesabiki kuwa imejibiwa. Tazama kama glasi za maji zipo upande ambao mgonjwa anaufikia: aliyepooza mkono wa kushoto na glasi yake ipo kushoto atakaa na kiu mpaka usiku. Tazama wanaohitaji kulishwa. Mhudumu mmoja akilisha watatu kwa zamu, chakula cha wa tatu kimeshapoa.

Muulize mhudumu, siyo meneja, "Leo una wakazi wangapi?" Katika miji yenye Waafrika Mashariki na Wakongo wengi si ajabu anayekujibu akawa anazungumza Kiswahili, na hapo utapata jibu la ukweli kuliko lolote lililochapishwa kwenye kijitabu chao. Bahati hiyo isichukue nafasi ya mkalimani. Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na ridhaa ya matibabu isitafsiriwe na mjukuu wa miaka kumi na miwili. Uliza: "Mkalimani wa Kiswahili mnampata kwa simu gani, na usiku je?" Nyumba iliyozoea itakuonyesha namba papo hapo.

Kwa mazoezi, swali zuri ni moja: dakika ngapi kwa siku, mgonjwa mmoja kwa mtaalamu mmoja, na wikendi je? Tangu Oktoba 2019 Medicare hailipi tena nyumba hizi kulingana na dakika za mazoezi, kwa hiyo kupunguza dakika hakuwapunguzii kipato. Mazoezi ya kikundi na ya wagonjwa wawili kwa mtaalamu mmoja wakati uleule, yakijumlishwa, yasizidi asilimia 25 kwa kila aina ya tiba. Jibu la "inategemea tathmini" ni kweli, lakini omba wastani wa wagonjwa wa nyonga waliotoka mwezi uliopita. Anayeongoza kitengo cha mazoezi anaujua.

Pesa na mkataba

Siku 100 ni kikomo tu, wala si ahadi. Wengi hukatwa mapema. Akikaa zote bila bima ya nyongeza, siku 80 za mwisho kwa dola 209.50 za mwaka 2025 ni dola 16,760. Baada ya hapo kila kitu ni mfuko wa mgonjwa au Medicaid. Uliza kama kitanda chenyewe kinapokea Medicaid. Zipo nyumba zenye vitanda vya Medicare tu, na mzee anayehitaji kubaki hulazimika kuhamia kwingine akiwa ndiyo kwanza amezoea nyuso.

Wazazi walioletwa na watoto wao kwa kadi ya kijani wana hesabu yao. Asiye na robo 40 za kazi (takriban miaka 10 ya kazi iliyolipiwa kodi), zake au za mwenzi wake, hapati bure sehemu A ya Medicare, ile inayolipia hospitali na nyumba ya uuguzi. Akiwa na miaka 65 na ameishi Marekani kihalali miaka 5 mfululizo anaweza kuinunua, na mwaka 2025 bei kamili ilikuwa dola 518 kwa mwezi. Kwa kawaida robo za kazi za mtoto hazimsaidii mzazi. Medicaid nayo, kwa mtu mzima mwenye kadi hiyo, kwa jumla husubiri miaka 5, ingawa majimbo hutofautiana. Kwa mzazi aliye ndani ya miaka hiyo mitano, swali la nyumba ipi hutanguliwa na la nani atalipa, na hospitali ya utengamao iliyo chini ya hospitali kubwa yenye mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo inaweza kuwa nafuu kuliko nyumba ya uuguzi ya kulipia kwa siku.

Siku ya kupokelewa utapewa rundo la karatasi. Mbili ndizo za kuangaliwa. Makubaliano ya kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani hayawezi kuwa sharti la kupokelewa. Kataa kusaini, na kama umeshasaini una siku 30 za kujitoa. Ya pili ni sehemu ya "mhusika wa malipo". Sheria ya shirikisho inakataza nyumba kudai mdhamini, lakini mtoto akiweka sahihi ovyo anaweza kujikuta akidaiwa. Andika kando ya sahihi kwamba unasaini kama mwakilishi wa mgonjwa, kwa fedha za mgonjwa.

Saa 48 za mwanzo

Hata nyumba nzuri huharibu hapa, na sababu yake ni ya kawaida mno: dawa hutoka kwenye duka la nje. Mgonjwa akifika Ijumaa saa 1 usiku, dawa zake huweza kufika Jumamosi mchana, na za maumivu makali za jamii ya opioidi hazitolewi bila cheti cha daktari kilichosainiwa. Mwenye nyonga mpya hulala usiku mzima kwa maumivu, asubuhi anakataa mazoezi, na kwenye faili panaandikwa "hakushiriki". Omba ahamishwe kabla ya saa 8 mchana, siku ya kazi, cheti kikiwa ndani ya bahasha. Omba pia agizo la mpasuaji linalosema uzito kiasi gani anaruhusiwa kuukanyagia mguu. Likikosekana, mtaalamu wa mazoezi hamsimamishi mgonjwa mpaka mpasuaji apigiwe simu, na simu hiyo huchukua siku.

Ngozi ikaguliwe na muuguzi siku ya kwanza ukiwepo: visigino, makalio, nyonga. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hauonekani. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau, yenye joto au baridi kuliko pembeni yake, ngumu au teketeke inapoguswa. Mwambie muuguzi aandike alichokiona, na visigino viinuliwe visiguse godoro.

Kwa aliyepata kiharusi, chakula cha nyumbani kisubiri. Chapati kavu na wali mkavu ni hatari kwa koo lisilomeza vizuri, na uji mwepesi huweza kuingia kwenye mapafu bila hata kikohozi. Mpelekee mtaalamu wa kumeza uji wenyewe, jinsi mnavyoupika, ampime mgonjwa kwa uji huo. Wengi hufurahia kupata chakula ambacho mgonjwa atakitaka. Masharti ya halali na ya kutokula nguruwe yaandikwe kwenye mpango wa mwanzo wa huduma, ambao lazima uwe tayari ndani ya saa 48 na familia ipewe muhtasari wake.

Notisi ya kukatwa

Siku mbili au zaidi kabla ya malipo kusimama, nyumba hutoa notisi. Sababu inayotajwa sana ni kwamba mgonjwa "haendelei". Tangu makubaliano ya kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius mwaka 2013, kutokuendelea peke yake si sababu halali. Huduma ya kitaalamu inayozuia hali isizorote nayo inalipiwa. Rufaa hupigwa kwa simu, namba ipo kwenye notisi hiyohiyo, na mwisho kwa Medicare ya kawaida ni adhuhuri ya siku moja kabla ya malipo kukoma. Notisi hizi hupenda kuja Ijumaa jioni. Sahihi yako juu yake inathibitisha kuipokea tu, wala huwi umekubali, kwa hiyo saini, andika tarehe na saa, piga picha, kisha piga simu ukiwa bado mlangoni pa chumba. Ukimaliza muulize mtaalamu wa mazoezi aandike anachokifanya ambacho mhudumu wa kawaida asingeweza kukifanya, kwa sababu hilo ndilo mkaguzi wa rufaa atakalolitafuta kwenye faili.